Nafasi Tano Mahakamani

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa mahakama ya Mahajanga, karibu na dirisha la karani, na mvua ilikuwa imelilowesha pembe moja. Serikali mpya ilitaka makarani watano wa mahakama, nao wangepatikana kwa mtihani wa ushindani: siku ya kwanza kuandika, siku ya pili kujibu kwa mdomo mbele ya watahini. Masomo yaliyotajwa yalikuwa katiba ya Jamhuri, mpangilio wa mahakama, na haki za msingi za mtu na raia. Nchi yetu ya Wamalagasi ilikuwa imepata uhuru juzijuzi tu. Katiba yenyewe nilikuwa nimeisikia redioni, lakini sikuwahi kuiona kwa macho.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilizaliwa Marodoka, kisiwani Nosy Be, nikasoma Helvili, mji mkuu wa kisiwa, mpaka nikapata cheti cha shule ya kati. Kisiwani hakukuwa na kazi ya kalamu ila kwenye kiwanda cha sukari, na kiwandani walikuwa wameshajaa. Kwa hiyo mama alinipandisha meli ya mizigo, akanituma kwa shangazi yangu Mahajanga. Shangazi ni dada wa baba. Baba alikuwa Mngazidja, mpishi wa melini, aliyefariki mimi nikiwa na miaka sita. Mama ni Msakalava wa palepale Nosy Be, na kazi yake ilikuwa kuchuma maua ya mlangilangi alfajiri, kabla jua halijayakausha harufu. Kwake tulisema Kimalagasi, kwa shangazi Kingazidja, shuleni Kifaransa. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata ukubwani kwa mke wangu, Mngazidja aliyekulia Unguja.

Siku hiyo pale ukutani tulikuwa wawili tunanakili tangazo. Mwenzangu alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani na shati lililopigwa pasi vizuri, mtu wa nyanda za juu. Alijulikana kwa sura na kwa lafudhi hata kabla hajamaliza sentensi. Alinitazama nikikwama kwenye maneno ya Kifaransa ya mwisho.

"Hayo maana yake ni haki ambazo serikali haiwezi kukunyang'anya," aliniambia kwa Kimalagasi. "Una kitabu?"

"Sina."

"Una katiba?"

"Nayo sina."

Alifikiri kidogo, akakunja karatasi yake mara nne. "Mimi ninayo. Nimeikata kwenye gazeti rasmi la serikali. Na nina masomo ya kuletewa kwa posta kutoka Tananarivu. Lakini chumba ninacholala tuko sita, hakuna pa kusomea. Wewe una mahali?"

Nilimwambia shangazi ana kibaraza.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Yeye alikuwa na kibarua cha kuandika posta, kazi ikianza saa mbili asubuhi, kwa hiyo alikuja kwetu mtaa wa Mahabibo kila siku saa kumi na mbili, jua likichomoza. Tulikaa kwenye mkeka, katiba katikati yetu, vipande vya gazeti alivyovibandika kwenye daftari kwa gundi ya unga. Shangazi alikuwa akikaanga mokari, vile vikate vya unga wa mchele na tui la nazi, kwa ajili ya kuuza mlangoni. Wiki ya kwanza hakumpa hata kimoja.

"Huyu mtu wa juu anatafuta nini hapa?" aliniuliza kwa Kingazidja, mgeni akiwa amekaa palepale.

"Tunasoma, shangazi."

"Mnasoma wote wawili kazi moja?"

"Nafasi ziko tano."

"Na watu?"

Nilikuwa nimesikia kwamba waliojiandikisha wameshapita hamsini. Nilipomwambia, alitikisa kichwa akarudi kwenye kikaango chake. Wakati ule watu wa pwani na watu wa nyanda za juu walikuwa wakiangaliana kwa jicho la pembeni. Kila upande uliamini mwenzake ndiye atakayezikalia ofisi za serikali. Shangazi hakuwa na ubaya, ila alikuwa amesikia mengi.

Rafiki yangu, kama ninavyoweza kumwita sasa, alikuwa na mtindo wake wa kusoma. Hakutaka tukariri. Alisoma ibara moja, akafunga daftari, akaniuliza: "Nipe mfano wa mtu." Akitaja uhuru wa kuabudu, nimpe mfano wa mtu. Akitaja kwamba hakuna anayeweza kufungwa ila kwa sheria na kwa amri ya hakimu, nimpe mfano wa mtu. Mimi nilikuwa nimezoea chuo cha Kurani na shule ya Kifaransa, na kote kuwili ukijua kwa moyo umefaulu. Mifano ilinishinda. Siku moja, kwenye hiyo ya kufungwa, yeye alianza kufungua daftari anijibie.

Shangazi, ambaye tulidhani hasikilizi, aliuliza kwa Kimalagasi ili mgeni naye aelewe: "Hiyo inasema nini?"

Rafiki yangu alimweleza polepole: polisi hawezi kukukamata tu na kukuweka ndani kwa kuwa amekasirika, wala mkuu wa wilaya. Lazima kuwe na sheria uliyoivunja na hakimu wa kukusikiliza.

Shangazi aliweka mwiko chini. "Mume wangu alifungwa siku kumi na tano," alisema. "Zamani, kabla ya vita. Bwana mkubwa Mfaransa alipita pale sokoni, watu wakasimama. Mume wangu alikuwa anahesabu magunia, amempa mgongo, hakumwona. Jioni walikuja kumchukua. Hapakuwa na hakimu. Bwana mkubwa aliandika tu kwenye karatasi."

"Alirudi?" aliuliza rafiki yangu.

"Alirudi. Lakini tangu siku hiyo mpaka kufa kwake, akisikia gari, alisimama. Hata akiwa anakula." Aliuokota tena ule mwiko wake. "Sasa nyinyi mnasema hilo limekwisha?"

"Imeandikwa kwamba limekwisha, Mama," alisema rafiki yangu. "Ndiyo maana wanataka makarani. Kuandika kila anayeingia ndani na anaingia kwa amri ya nani."

 Shangazi alichukua mokari mbili za moto, akaziweka kwenye kisahani, akamsogezea. Tangu asubuhi hiyo hakukosa zake mbili, na yeye tangu asubuhi hiyo alimwita shangazi yangu Mama bila kusita. Shangazi naye akawa mwanafunzi wa tatu. Alitukatiza kila mara kuuliza ibara fulani inamfaa nani, na mara nyingi swali lake ndilo lililokuwa gumu kuliko ya watahini. Neno la Kifaransa la haki, na lile la Kimalagasi, yote aliyaacha pembeni, akasema *haki* tu, kama wanavyosema Wangazidja, na rafiki yangu akalizoea hata akawa analisema yeye mwenyewe.

Zilipobaki wiki tano za kupeleka maombi, rafiki yangu alikuja Jumatano moja akiwa hana utulivu. Hakufungua daftari. Alitoa orodha ya vyeti vinavyotakiwa, ile aliyoinakili ukutani siku ya kwanza, akaniwekea kidole kwenye mstari wa tatu.

"Cheti cha uraia," alisema. "Umeshakichukua?"

"Bado. Nitakwenda wiki ijayo."

"Baba yako alizaliwa wapi?"

"Ngazidja."

"Basi hawatakupa."

Nilicheka. Nilimwambia nimezaliwa Marodoka, sijawahi kukanyaga Ngazidja, na mama yangu na bibi yake na bibi wa bibi yake wamezikwa Nosy Be. Nilikosea, mama alikuwa hai, lakini rafiki yangu hakunisahihisha. Alinieleza alichokisoma katika sheria mpya ya uraia. Mtoto hufuata uraia wa baba yake. Ngazidja na visiwa vya jirani yake vilikuwa bado chini ya Ufaransa, na aliyetoka huko, kwa hesabu za serikali mpya, hakuwa Mmalagasi. Na mimi, kwa karatasi, nilikuwa mtoto wa huyo.

"Kwa hiyo mimi nani?" nilimwuliza.

"Kwa sasa, mtu," alisema. Hakuwa anafanya mzaha. "Lakini kuna mlango. Mtoto wa mama Mmalagasi na baba mgeni anaweza kuudai uraia wa mama yake, mradi hajafikisha utu uzima wa kisheria. Miaka ishirini na moja. Wewe unaifikisha lini?"

Nilihesabu. Ilikuwa imebaki miezi miwili kasoro siku chache.

Asubuhi ileile nilikwenda mahakamani. Karani wa dirishani, mzee mnene mwenye haraka, alisoma cheti changu cha kuzaliwa akanirudishia bila kuniangalia. "Nenda kwa Wafaransa," alisema. Nilimtajia ile sheria kama nilivyofundishwa, na ibara yake. Hapo aliniangalia. Aliingia ndani, akakaa kitambo, akarudi na karatasi yenye orodha nyingine: cheti cha kuzaliwa cha mama, na mama mwenyewe, aje mbele ya hakimu kukubali kwa mdomo wake, kwa kuwa mimi nilikuwa bado mtoto wa sheria.

Mama hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Watu wa umri wake wengi hawakuwa nacho. Nilimwandikia barua, nikijua itasomwa na jirani yetu mwalimu. Nilimweleza aende mahakama ya Helvili na watu wawili wanaomjua tangu utotoni, ili hakimu ampe hukumu ya kuziba pengo la cheti, kisha aje Mahajanga na meli ya kwanza. Niliandika kwa heshima zote, lakini nilipoituma nilikuwa na hofu. Mama alikuwa hajawahi kuvuka kwenda mbali zaidi ya Nosy Komba, kisiwa cha jirani, na mara zote hizo alirudi siku ileile. Mlangilangi ulikuwa katika msimu wake, na asiyechuma halipwi.

Alikuja baada ya wiki tatu. Nilimpokea bandarini akiwa amevaa lamba mpya ya manjano, ile nguo ya kujifunga, amepauka uso kwa kutapika njia nzima. Hukumu yake ya kuzaliwa alikuwa ameikunja ndani ya kitambaa kilichofumwa na dada yake wa Nosy Komba, na kitambaa ndani ya mfuko, na mfuko kifuani.

"Wamenipa miaka arobaini na miwili," alisema. "Shahidi wangu alisema arobaini, hakimu akaongeza miwili. Sijui aliipata wapi."

Shangazi alimkumbatia. Mawifi hao walikuwa hawajaonana tangu msiba wa baba. Usiku huo walilala chumba kimoja, na mimi nilijisikia kwa mara ya kwanza kwamba labda mambo yatakuwa sawa.

Hakimu alikuwa Mfaransa mwenye nywele nyeupe, mmoja wa wale waliobakia kazini baada ya uhuru. Alikuwa mpole, na amechoka na joto. Mkalimani alisimama pembeni, mtu wa nyanda za juu, na mama alipojibu kwa Kisakalava cha kwetu ilibidi amrudie mara mbili mbili. Walimwuliza jina la mama yake na la baba yake, walizaliwa wapi, wamezikwa wapi. Mama alijibu yote akiwa amesimama wima, mikono mbele. Alitaja mababu mpaka hakimu akainua mkono kumwambia yametosha.

Kisha akauliza: "Unataka mwanao awe Mmalagasi?"

Mkalimani akatafsiri. Mama alimtazama hakimu, akanitazama mimi, akamrudia hakimu.

"Mwulize," alimwambia mkalimani, "jana alikuwa nani."

Mkalimani alisita. Naona alikuwa anatafuta namna ya kulisema hilo lisije likawa utovu wa adabu. Mwishowe alilisema kama lilivyo. Hakimu hakukasirika. Alivua miwani, akaipangusa, akasema, "Jana sheria ilikuwa haijamwuliza mama yake. Leo inamwuliza."

Mama alisikiliza tafsiri. "Basi mwambie nataka," alisema. "Na mwambie ahsante kwa kuuliza."

Alitia dole gumba lake kwenye wino, akabandika, akafuta kidole kwa ncha ya lamba yake mpya. Nilitaka kumzuia, doa lile halitatoka, lakini alikuwa ameshafuta.   Cheti changu kilitoka siku nne baadaye, na niliyapeleka maombi yangu siku moja kabla ya dirisha kufungwa.

Mtihani wa kuandika ulifanyika katika ukumbi wa shule, madawati madogo, magoti yakigonga mbao. Swali lilihusu mamlaka ya kutunga sheria, ya kuiendesha nchi na ya kuhukumu, na kwa nini yasiwe mikononi mwa mtu mmoja. Niliandika juu ya mtu anayehesabu magunia sokoni na bwana mkubwa aliyekuwa sheria, polisi na hakimu kwa pamoja. Sikutaja jina wala ukoo. Tuliitwa ishirini kwenye mtihani wa mdomo, na rafiki yangu alikuwemo.

Kwenye mdomo kila mmoja alichota kikaratasi kutoka kwenye kofia ya mtahini. Mimi nilichota swali lililouliza tofauti kati ya haki za mtu na haki za raia.  Nilieleza kwamba haki za mtu anazo kila aliye ndani ya nchi, mwenyeji au mgeni: asiteswe, asifungwe bila hakimu, aabudu anavyoamini. Za raia ni za kushiriki kuiendesha nchi: kupiga kura, kuchaguliwa, kushika kazi ya umma kwa sifa zake bila kuulizwa asili, rangi au dini. Mtahini mmoja aliniuliza kama najua mfano wa mtu mwenye zile za kwanza bila za pili.

"Mimi, mwezi uliopita," nilisema.

Walitaka niendelee, nikaendelea. Mmoja wao alikuwa akiandika.

Rafiki yangu alichota swali la kura ya Bunge ya kuiangusha serikali. Alilijua vizuri kuliko mimi. Lakini aliniambia alipotoka kwamba alijibu kama kitabu, na mtahini alipomwuliza kwa nini raia wa kawaida ajali kura hiyo, alikosa la kusema. Yeye, aliyenidai mifano kila asubuhi.

Matokeo yalibandikwa ukutani palepale. Yalikuwa majina matano, na chini yake mstari, na chini ya mstari majina mengine matatu ya akiba. Langu lilikuwa la tano. Lake lilikuwa la sita.

 Yeye ndiye aliyenipa mkono kwanza. Tulitembea mpaka ufukweni, tukakaa kwenye ukuta wa mawe, na hapo ndipo nilipomwambia:

"Ungenyamaza kuhusu cheti cha uraia, nafasi hii ingekuwa yako."

"Najua."

"Kwa nini basi?"

Alivua viatu, akavikung'uta mchanga, ingawa havikuwa na mchanga mwingi. "Usinifanye malaika," alisema. "Nililiona jambo lile Jumatatu. Nilikuambia Jumatano. Siku mbili nilikuja pale kwenu, nikala mokari za Mama, nikanyamaza."

"Halafu?"

"Halafu Jumanne Mama aliniuliza kama ninafikiri wewe utashinda. Nikamwambia ndiyo. Nilipofika kwangu nikaona nimemdanganya, kwa sababu nilijua hutaruhusiwa hata kuingia." Alivaa viatu vyake. "Ndiyo hivyo tu."

Nimeishi na maneno hayo miaka mingi, na kila mwaka yananizidi uzito. Angelikuwa mtu asiyejua tamaa, ningemshukuru kama mtu anavyoshukuru mvua. Lakini aliipima nafasi ile mkononi siku mbili, akijua thamani yake, akanipa. Mimi sijui kama ningefanya hivyo. 

Mama alirudi Nosy Be wiki iliyofuata. Hakutaka kungoja mshahara wangu wa kwanza wala kuona meza yangu, alisema maua hayamsubiri mtu. Miaka michache baadaye aliitwa kupiga kura kwa ile hukumu yake ya kuzaliwa, akiwa, kwa hesabu ya hakimu, na miaka miwili zaidi ya ile anayoijua mwenyewe. Aliniandikia kupitia kwa mwalimu kwamba alipanga foleni asubuhi nzima na hakuna aliyemwuliza mume wake alitoka wapi.

Mimi nilifanya kazi mahakamani Mahajanga maisha yangu yote ya kazi. Nilianza kwenye dirisha lilelile, nikafundishwa na yule mzee mnene, ambaye kumbe alikuwa mtu mwema mwenye maumivu ya miguu. Siku za mwanzo niliandika majina ya walioletwa ndani, na mbele ya kila jina amri ya nani, na saa. Nilikuwa nikiandika kwa herufi kubwa kuliko ilivyohitajika.

Rafiki yangu alirudi kwao nyanda za juu. Mwaka uliofuata alifanya mtihani mwingine, wa ukaguzi wa kazi, akafaulu, akaniletea barua ndefu. Niliisoma kibarazani, nikimtafsiria shangazi kwa Kingazidja. Alifurahi sana. Kisha akaniuliza jambo ambalo inaonekana lilikuwa likimsumbua: alikuwa akimwombea kijana yule kila baada ya sala tangu alipoondoka, akimtaja kwa jina, ingawa ni Mkristo, pamoja na watoto wa ndugu zake. Je, ilikuwa sawa?

Nilimwambia mimi ni karani wa mahakama, hilo halikuwamo katika masomo yangu. Alisema basi ataendelea mpaka atokee mtu wa kumkataza.